AMANA YA NDUGU
Somo juu ya akiba, uaminifu na hesabu

Mtu mwenye mbuzi wawili, akitaka kwenda safari ndefu, hutafuta jirani wa kumwachia. Hamwachii kila mtu. Humwachia yule anayemjua, aliyelima naye na kusali naye. Siku ya kurudi, pengine huwakuta mbuzi wakiwa hai, pengine jirani humwambia, “Wamekufa.” Hapo mwenye mali huuliza, “Ngozi zao ziko wapi?” Jirani mwema hakasiriki kwa swali hilo. Huingia nyumbani akazileta ngozi.

Somo hili lahusu watu karibu 10,000 waliowaachia ndugu zao wa dini akiba zao, wasiulize habari za ngozi mpaka hatari ilipokwisha kufika. Jambo hilo lilitokea mbali, katika Ireland ya Kaskazini, mwaka 2008. Lakini lafaa kufundishwa katika vijiji vya Kongo, kwa maana hapa pia kuna likelemba, kuna sanduku la akina mama wa parokia, kuna koperative za akiba na mikopo. Na hapa pia husikika neno hili: “Usiogope, ni watu wa Kanisa.”

I. VYAMA HIVI VILIANZAJE?

Si vibaya Wakristu kuweka akiba pamoja. Kazi hiyo ilianza kwa huruma.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako mkuu wa mji jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818. Aliwaona wakulima wakifungwa na madeni. Mkulima aliyekosa mbegu au ng’ombe alikopa kwa tajiri, na faida aliyodaiwa ilimla mpaka akapoteza shamba. Mwaka 1864, mahali paitwapo Heddesdorf, Raiffeisen aliunda chama cha wakulima cha kukopeshana. Katika vyama vya namna yake, wanachama walikuwa watu wa eneo dogo, waliojuana kwa jina na kwa mwenendo. Tena kila mmoja alijibu kwa mali yake yote juu ya deni la chama. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa mlinzi: alitazama nani amekopeshwa, na kwa kazi gani.

Nako Canada, katika mji wa Lévis, mwaka 1900, mtu mmoja Mkatoliki aliyeitwa Alphonse Desjardins aliunda chama cha akiba pamoja na watu wa mji wake. Mapadri walimsaidia kuvieneza vyama hivyo katika parokia. Wadogo hawakukataliwa: amana ya kwanza ilikuwa senti 10 tu.

Angalieni vema vyama hivyo vilisimama juu ya nini. Havikusimama juu ya dini peke yake. Vilisimama juu ya mambo matatu: watu kujuana, mikopo kuwa midogo na karibu, na kila mtu kutazama hesabu. Dini iliwaleta watu pamoja. Macho yao ndiyo yaliyolinda mali.

II. HABARI YA IRELAND YA KASKAZINI

Ireland ni kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Sehemu yake ya kaskazini iko chini ya ufalme wa Uingereza, na mji wake mkuu ni Belfast. Huko Wapresbiteri ni wengi. Ni Wakristu wa upande wa Waprotestanti, watu wa kazi na wa kuweka akiba.

Mwaka 1982 liliundwa shirika la akiba lililoitwa Presbyterian Mutual Society, maana yake Shirika la Kusaidiana la Wapresbiteri. Halikupokea kila mtu, ila waumini wa Kanisa la Presbiteri la Ireland tu. Jina la shirika lilikuwa jina la Kanisa. Wenye kuweka fedha walikuwa watu wa Kanisa. Kila mwaka walipata faida juu ya akiba zao. Muda wa miaka 25 na zaidi mambo yalikwenda vema. Aliyetaka fedha zake alizipata. Mzazi alimweleza mtoto, mtoto akawaeleza wenzake, na shirika likakua. Hata mwaka 2008 lilikuwa na mali ya zaidi ya pauni milioni 300.

Wengi wa wenye akiba walikuwa wazee. Fedha hizo zilikuwa jasho la maisha yao: bei ya shamba lililouzwa, malipo ya mwisho ya kazi, urithi wa mjane. Hawakuwa wacheza kamari. Walitafuta mahali pa usalama, na kwa macho yao hapakuwa mahali salama kuliko pa ndugu zao wa dini.

Katika mwaka ule wa 2008 mabenki makubwa ya Marekani na ya Ulaya yalitikisika. Watu wakaogopa. Ili kuwatuliza, mwezi wa Oktoba serikali ya Uingereza iliongeza dhamana yake juu ya amana za watu katika mabenki hadi pauni 50,000 kwa kila mtu katika kila benki. Maana yake, benki ikianguka, mwenye amana angelipwa mpaka kiasi hicho.

Ndipo Wapresbiteri wakaanza kuuliza: “Na shirika letu je? Nalo lina dhamana?” Jibu likawa: La. Shirika lile halikuwa benki mbele ya sheria. Dhamana haikulihusu.

Ilikuwa ajabu ya kusikitisha. Tangazo lililotolewa kuwatuliza watu wa mabenki likawatia hofu watu wa shirika. Wakaja kwa wingi kuzitaka fedha zao. Kwa muda mfupi fedha zilizokuwa tayari zikaisha. Mwezi wa Novemba 2008 milango ikafungwa, na shirika likawekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Tangu hapo hakuna aliyeweza kutoa akiba yake, awe mgonjwa, awe mjane, awe na mtoto shuleni.

III. FEDHA ZILIKUWA WAPI?

Mkatekumeni ataweza kuuliza: “Kama shirika lilikuwa na mali ya zaidi ya pauni milioni 300, mbona lilishindwa kulipa? Je, mtu aliziiba?”

Anguko hilo halikuletwa na mwizi aliyevunja sanduku usiku. Ili kufahamu vema, sikilizeni mfano.

Jamaa 20 wa kijiji kando ya ziwa wanapeleka mahindi yao katika ghala moja, kila jamaa gunia moja. Mlinzi wa ghala anafikiri: “Mahindi yakikaa, yataliwa na wadudu. Afadhali yafanye kazi.” Anaacha magunia 2 ghalani, na kwa yale 18 ananunua mtumbwi mkubwa wa kuchukua mizigo. Mtumbwi unaleta faida, naye anawagawia jamaa sehemu. Kila juma jamaa mmoja anakuja kuchukua kidogo, na yale magunia 2 yanatosha. Watu wote wanasema, “Mlinzi wetu ni mwenye akili.”

Siku moja yasikika kwamba maghala ya vijiji vingine yamebomoka. Jamaa wote 20 wanakuja asubuhi moja. Wawili wa kwanza wanapata gunia zima zima. Wa tatu anakuta ghala tupu. Mlinzi anasema, “Msiogope, mtumbwi upo.” Lakini mtumbwi haukatwi vipande ukagawiwa. Na akitaka kuuuza, hakuna anayenunua, kwa sababu mwaka ule biashara ya ziwani imekufa. Mtumbwi ulionunuliwa kwa magunia 18 sasa hauna mtu wa kuutaka hata kwa 9.

Ndivyo ilivyokuwa huko Ireland ya Kaskazini. Shirika lilikuwa limetumia sehemu kubwa ya akiba kununua majumba ya biashara na kuwakopesha watu wa kununua viwanja na kujenga. Katika miaka ile bei ya viwanja na majumba ilikuwa imepanda sana, na watu wengi walidhani haitashuka kamwe. Tangu mwaka 2007 ikaanza kuanguka. Kwa hiyo shirika lilipata mapigo mawili pamoja: wenye akiba walitaka fedha leo, na majumba yaliyonunuliwa kwa akiba zao hayakuuzika ila kwa hasara kubwa.

Hapa kosa laonekana wazi. Fedha inayoweza kudaiwa wakati wowote haifai kufungwa yote katika kitu kisichouzika upesi. Raiffeisen alitaka mikopo iende kwa jirani kwa mbegu na ng’ombe, vitu vinavyoonekana shambani. Shirika la Wapresbiteri lilianza kwa jina la kusaidiana, likaishia katika biashara kubwa ya majumba, ambayo wazee wengi hawakuiona wala hawakuulizwa juu yake.

Tena liko jambo la pili. Jina la shirika lilikuwa limeandikwa katika daftari la wizara moja ya Ireland ya Kaskazini. Watu waliojua hivyo walitulia. Lakini ofisi ile haikuwa na kazi ya kuchungua kama fedha za watu zi salama, kwa namna mabenki yanavyochunguliwa. Kuandikishwa ni kitu kimoja. Kusimamiwa ni kitu kingine. Mtoto akiandikwa jina lake shuleni, haina maana kwamba mwalimu amekwisha mpima kama anajua kusoma.

IV. NENO DOGO LILILOLETA MACHUNGU

Sasa yafuata jambo lililowaumiza wanyonge kuliko yote.

Katika shirika lile, fedha za mwanachama hadi pauni 20,000 zilihesabiwa kuwa hisa. Zilizozidi hapo zilihesabiwa kuwa mkopo, yaani kama mwanachama amelikopesha shirika. Katika siku njema hakuna aliyejali tofauti hiyo. Wote walisema tu, “Nimeweka akiba yangu.”

Lakini shirika likianguka, sheria hutenganisha watu wawili: mwenye mali na mwenye kudai. Mwenye hisa ni mwenye mali. Shirika ni lake. Mwenye mkopo ni mwenye kudai. Shirika lina deni kwake. Na sheria yasema kwamba wenye kudai hulipwa kwanza. Wenye hisa hupata makombo, yakibaki.

Tazameni maana yake. Mjane aliyeweka pauni 15,000 alikuwa na hisa tu. Alisimama nyuma kabisa. Mtu mwenye pauni 100,000 alikuwa na hisa za 20,000, lakini kwa zile 80,000 alisimama mbele. Mwenye kidogo aliogopa kupoteza vyote, wakati mwenye kingi angalipata sehemu kubwa. Hakuna aliyekusudia uovu huo. Ulikuwa umefichwa katika neno moja la karatasi, nao wenye akiba wengi hawakupata kulitafakari.

Kwa hiyo mtu asiaibike kuuliza maana ya neno lililoandikwa juu ya karatasi yake. Wazee husema: Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia sahihi au kidole juu ya neno usilolijua, kwa kuona haya mbele ya karani.

V. KANISA LILIDAIWA NINI?

Baada ya milango kufungwa, watu walilikabili Kanisa lao. Walisema, “Shirika lina jina la Kanisa. Ni kwa sababu ya jina hilo tuliweka fedha.” Kanisa lilijibu kwamba shirika lilikuwa chombo cha peke yake mbele ya sheria, lenye wakuu wake na hesabu zake.

Neno hilo lilikuwa kweli kwa sheria. Lakini mbele ya dhamiri swali halikuisha. Jina ni kama alama ya moto juu ya ng’ombe: yeye aonaye alama husema, “Huyu ni wa fulani.” Anayeacha jina lake lichukuliwe hana budi kujua linachukuliwa wapi. Kanisa lenyewe liliona hivyo. Viongozi wake walikwenda mara nyingi kwa wakubwa wa serikali kuwaombea wenye akiba, na Kanisa lilitoa pauni milioni 1 kuwa fungu la msaada.

Shauri hilo lilichukua karibu miaka 3. Mwishoni mpango ukapatikana. Serikali ya Ireland ya Kaskazini ilitoa mkopo wa pauni milioni 175, uliopangwa kulipwa polepole kwa kuuza majumba ya shirika. Tena serikali mbili, ya London na ya Belfast, zilitoa pauni milioni 25 kila moja. Mwaka 2011 mahakama ya Belfast iliukubali mpango huo, na malipo yakaanza. Wenye akiba ndogo waliwekwa mbele, si nyuma tena. Wenye akiba kubwa hawakupata vyote mara moja. Sehemu ya madai yao iliwekwa kungojea bei ya majumba.

Hivyo kwa hao wadogo mwisho ulikuwa afadhali kuliko mwanzo. Lakini miaka haikurudishwa. Kati ya wazee wale wamo waliokufa wakingoja. Wamo walioishi kwa haya, wakiomba kwa watoto wao fedha ya chakula, wakati karatasi zao zilisema wana mali. Tena fedha iliyowaokoa ilitoka kwa serikali tajiri. Ghala la kijiji cha Kongo likianguka, nani ataleta milioni 175? Kwa sababu hii maskini wana haja ya kuangalia mapema kuliko matajiri.

VI. MAANDIKO MATAKATIFU YAFUNDISHA NINI?

Wako Wakristu wanaodhani kwamba kuuliza hesabu kwa ndugu ni kukosa imani, na kumwuliza padri au mzee wa parokia ni kukosa heshima. Maandiko Matakatifu hayafundishi hivyo.

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu, hakukubali kuuchukua peke yake. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anaeleza kwamba aliwatuma na wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate kuwalaumu juu ya fedha nyingi hizo. Alitaka kazi yake ionekane safi mbele ya Mungu, na mbele ya watu pia. Paulo alikuwa mtume. Alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Kristu. Walakini alitaka mashahidi juu ya fedha. Basi ni mweka hazina gani leo aliye mtakatifu kuliko Paulo, hata asitake mtu wa pili kuhesabu pamoja naye?

Tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wengine walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Watu wao walinung’unika. Mitume hawakuwaambia, “Nyamazeni, muwe na imani.” Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na hekima kwa kazi ile. Sifa njema peke yake haikutosha. Hekima pia ilitakiwa.

Na Yezu mwenyewe, katika Injili ya Luka, sura ya 14, alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara: hukaa kwanza akahesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza. Yezu hakuidharau hesabu.

Amri ya saba ya Mungu yakataza kuiba. Lakini si kuiba kwa mkono tu. Yakataza pia kuzuia mali ya mwenzi bila haki, na kuiharibu kwa uvivu au uzembe. Mwenye kutunza amana za maskini, akizitia katika biashara asiyoifahamu, au akificha hasara ili asiaibike, amekosa juu ya amri hiyo hata kama hakuweka franka moja mfukoni mwake.

Lakini mwenye akiba naye ana wajibu. Fedha ya nyumba si yake peke yake. Ni ya mke, ya watoto, ya mzazi mzee. Akiitoa bila kuuliza, amewatolea wao pia bila kuuliza.

VII. MASWALI MATANO KABLA YA KUWEKA AKIBA

Yafaa kila mtu ayashike maswali haya matano kichwani, ayaulize kwa upole, mbele ya mashahidi, kabla ya kutoa fedha yake.

La kwanza: Fedha yangu itakwenda wapi? Akijibiwa, “Itafanya kazi,” aulize, “Kazi gani, na kwa nani?”

La pili: Nikiitaka, nitaipata siku gani? Na wote tukiitaka pamoja, kuna nini ghalani?

La tatu: Mimi ni nani katika karatasi hii: mwenye hisa au mwenye kudai? Chama kikianguka, nitalipwa wa kwanza au wa mwisho?

La nne: Nani anakagua hesabu, asiyekuwa mweka hazina wala ndugu yake? Katika Kongo, sheria ya mwaka 2002 iliziweka koperative za akiba na mikopo chini ya Benki Kuu ya Kongo. Basi koperative ikijiita koperative ya akiba, na ioneshe barua ya ruhusa ya Benki Kuu. Karatasi nyingine yenye muhuri haitoshi.

La tano: Kanisa, shule au misioni ambayo jina lake limeandikwa juu ya mlango, je, inajibu juu ya fedha, au imetoa jina tu?

Kwa likelemba ndogo ya majirani, ambamo fedha haikai bali hupewa mmoja mmoja kwa zamu, maswali ni machache, maana watu huonana kila juma na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Lakini siku likelemba inapoanza kuweka fedha sandukuni, au kumkopesha mtu wa nje, imekuwa ghala. Hapo daftari ni lazima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mtu asiweke yote mahali pamoja. Mwanamke mwenye busara hapandi mbegu zake zote katika bonde moja. Mto ukifurika, anabaki na shamba la mlimani.

VIII. MASWALI NA MAJIBU

1. Je, ni vibaya Wakristu kuunda chama cha akiba?
La. Ni tendo jema la kusaidiana, likiwa na hesabu wazi na wakuu wenye uaminifu na maarifa.

2. Shirika la Wapresbiteri wa Ireland lilianguka kwa nini?
Kwa sababu fedha zilizoweza kudaiwa upesi zilitiwa katika majumba na viwanja visivyouzika upesi. Na mwaka 2008 wenye akiba wengi walizitaka pamoja.

3. Kwa nini wadogo waliogopa kupoteza kuliko wakubwa?
Kwa sababu akiba zao zilihesabiwa kuwa hisa, na kwa sheria wenye hisa hulipwa baada ya wenye kudai.

4. Je, kumwuliza hesabu ndugu wa dini ni kumdharau?
La. Ni kumsaidia asianguke, na kulinda jina lake jema. Mtume Paulo mwenyewe alitaka mashahidi.

5. Mwenye kutunza amana ana wajibu gani?
Kuilinda kama mali ya mwingine, kutofanya kazi asiyoifahamu kwa fedha hiyo, kuonesha hesabu bila kuombwa, na kusema hasara siku inapotokea.

6. Aliyesababisha hasara afanye nini?
Aikiri, asijifiche nyuma ya sheria wala nyuma ya dini. Na arudishe kadiri awezavyo, akianza na maskini.

7. Aliyepotewa na akiba yake afanye nini?
Adai haki yake kwa njia zilizo halali, pamoja na wenzake, wala asimsingizie mtu wizi bila ushuhuda.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni aliye katika chama au likelemba aombe, katika mkutano ujao, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Asiyejua kusoma asiache kwa sababu hiyo. Amwombe mtoto wake wa shule aketi karibu naye. Na mwenye kushika daftari asingoje kuombwa. Asimame wa kwanza, alifungue, na azioneshe ngozi.